Jointi Mbovu Haionwi na Breka

Fundi akimaliza kuvuta nyaya darini, mwenye nyumba hujaribu taa, akiona zinawaka analipa. Dari ikishafungwa, hakuna anayejua tena nyaya zile zimeungwaje. Hata akichungulia mapema, wengi huangalia tepu tu: ikiwa nene na nyeusi, kazi imekubalika.

Tepu haibebi umeme. Kazi yake ni kuzuia mkono, panya au waya wa pembeni usiguse shaba iliyo wazi. Umeme unapita shaba kwa shaba, na nyuzi zikisokotwa kivivu, pale pana ukinzani. Tuseme ni nusu omu tu. Washa pasi inayovuta ampea 10: jointi hiyo inazalisha joto la wati 50, mahali padogo kuliko kidole. Breka ya ampea 16 haikati, kwa sababu ampea hazijazidi. Na plastiki ya waya wa kawaida wa nyumbani imetengenezwa kuvumilia nyuzi joto 70. Ikipita hapo, siku baada ya siku, inakakamaa na kupasuka, huku mbao za kenchi zikiwa kando yake.

Kwa hiyo jointi ibanwe kwanza, kwa konekta ya skrubu inayolingana na ukubwa wa waya. Anayechukua laini katikati ya waya bila kuukata amenye plastiki bila kuikwangua shaba. Waya uliochanjwa kwa kisu hukatikia hapohapo. Jointi ya waya wa moto na ya nyutro zisikae sambamba, zipishane, ili tepu moja ikiachia zisikutane. Shaba na alumini zisisokotwe pamoja kamwe: unyevu ukiingia, alumini inaliwa.

Hapo ndipo tepu inapokuja. Ianzie juu ya plastiki nzima, ivutwe kidogo, kila mzunguko ufunike nusu ya uliotangulia, iende na kurudi, iishie kwenye plastiki ya upande wa pili. Mzunguko wa mwisho usivutwe, la sivyo tepu itajikunjua yenyewe joto likipanda. Kisha yote iingie kwenye boksi lenye kifuniko. Jointi iliyopigwa plasta ukutani haikaguliki tena.

Kuna wanaofunga kwa vipande vya rambo. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Juni 2019, lakini jointi zilizofungwa kwa mifuko hiyo bado zipo kwenye dari zetu, na plastiki ile huyeyuka kwa joto la kuzidi kidogo maji yanayochemka. Ziondolewe.

Mwenye nyumba, mwombe fundi akuonyeshe leseni yake ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, na umwambie mapema kwamba utaziona jointi zote kabla hajazifunga tepu. Fundi anayejua kazi hatakasirika.