Figo iliyobaki na haki ya aliyetoa



Tangu Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilipoanza kupandikiza figo mwaka 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma mwaka 2018, jambo hili limekuwa karibu zaidi na majumba yetu. Maswali tunayoletewa mara nyingi ni ya upande wa mgonjwa: je, yajuzu apewe figo ya nduguye? Ni nadra kuulizwa: huyo nduguye atakuwaje baadaye?

Swali la kwanza wanazuoni walikwisha kulijibu. Baraza la Fiqhi la Rabita huko Makka mwaka 1985, na Majmaa ya Fiqhi ya Jeddah mwaka 1988, walijuzisha aliye hai kutoa kiungo kwa masharti. Atoe kwa hiari yake, kisiuzwe, na asipate madhara ya kuvuruga maisha yake. Sharti hili la mwisho ndilo linalolifanya swali la pili kuwa la kisheria pia, wala si la matabibu peke yao.

Basi nini hutokea? Kila figo ina vichujio vidogo vidogo vipatavyo milioni moja. Figo moja ikitolewa, uwezo wa kuchuja damu hushuka ghafla hadi karibu nusu. Lakini haukai hapo. Figo iliyobaki hupokea damu nyingi zaidi, hutanuka, na katika majuma na miezi inayofuata uwezo hupanda hadi kiasi cha asilimia 60 au 70 ya ule wa awali. Aliyekuwa akichuja mililita 100 kwa dakika huenda akatulia kwenye 65 hivi. Kwa mtu mwenye afya kiasi hicho chamtosha kwa kazi, ibada na malezi. Ronald Herrick, aliyempa figo pacha wake Richard mjini Boston Desemba 1954, aliishi na figo moja hadi mwaka 2010.

Hata hivyo tusiwadanganye watu kwamba mwili umerudi kama ulivyokuwa. Vichujio vipya havizaliwi. Vilivyopo ndivyo vinavyobeba kazi ya wenzao. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2014 ulikadiria kuwa kati ya watoaji 10,000, wapatao 90 huweza kufikwa na figo kushindwa kabisa katika umri wao, ilhali kwa watu wenye afya kama yao wasiotoa ni 14. Hatari ni ndogo, lakini ipo. Na mwanamke aliyetoa, akishika mimba baadaye, huelekea zaidi kupatwa na shinikizo la damu la ujauzito. Binti ambaye hajazaa ana haki ya kuambiwa haya kabla, na mbele ya daktari, si katika kikao cha ukoo ambamo wajomba na shangazi wote wanamtazama yeye. Hiari inayopatikana kwa macho ya namna hiyo sisi tunaitilia shaka.

Baada ya upasuaji, familia humzunguka aliyepokea, na aliyetoa huonekana mzima, akaachiwa ndoo na magunia. Huyu naye ana jeraha. Kwa kawaida huhitaji majuma sita hivi bila kunyanyua vizito. Kisha kila mwaka apimwe shinikizo la damu, mkojo na damu, na kila daktari amwonaye aambiwe kuwa ana figo moja. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, ambazo watu hujinunulia dukani, asizitumie bila ushauri wa daktari.

Ama saumu, ikimkuta Ramadhani angali akiuguza jeraha, hukumu yake ni ya mgonjwa: atakula, na atalipa siku nyingine daktari wake atakapomwambia kuwa figo yake imetulia.