Lugha ya Kuulizia Mambo ya Aibu: Maswali kwa Wanachuo wa Pwani

Uchunguzi juu ya makosa ya kujamiiana vyuoni huanza kwa karatasi ya maswali, na karatasi hiyo ni kazi ya lugha kabla ya kuwa kazi ya hesabu. Neno likichaguliwa vibaya, aliyedhulumiwa atajibu "la" kwa moyo safi, na hesabu itakuwa ya uongo ingawa hapana aliyesema uongo.

Uzito wa jambo hili ulionekana Mlimani, Dar es Salaam, mwaka 1990, mwanachuo mmoja wa kike alipojitoa uhai baada ya kuandamwa na kundi lililojificha nyuma ya jina la "Mzee Punch", ambalo silaha yake ilikuwa maandishi ya ukutani. Walikuwako walioyaita mambo hayo utani. Jambo likiisha kuitwa utani, mlalamikaji huonekana hajui mchezo.

Marekani, Mary Koss na mwenzake walitangaza mwaka 1982 maulizo yaliyoeleza tendo badala ya kutegemea jina la kosa. Matokeo ya mwaka 1987 yalihusu wanachuo 6,159 wa vyuo 32. Katika wanawake ambao mambo yaliyowapata yalitimiza maana ya kubakwa kisheria, 27 tu katika kila 100 walijihesabu kuwa wamebakwa. Lau wangaliulizwa kwa jina la kosa peke yake, karibu robo tatu yao wangalipotea.

Kiswahili kina shida hiyo hiyo, tena na ziada. "Kunajisi" latokana na neno la Kiarabu lenye maana ya uchafu, na uchafu huo humwangukia aliyetendwa kuliko mtenda. "Kuharibiwa" ni vivyo hivyo. Nani atatia alama mbele ya neno linalomwita mchafu? "Kubaka" ni wazi zaidi, lakini wengi walisikiapo huona mtu asiyejulikana, gizani, mwenye nguvu. Mwalimu aliyefunga mlango wa ofisi yake hayumo katika picha hiyo. "Unyanyasaji wa kijinsia", au "udhalilishaji" kama wasemavyo Zanzibar, ni maneno ya mikutano na magazeti: msomaji ajua kuwa ni jambo baya, ila mipaka yake haijui.

"Rushwa ya ngono" yahitaji uangalifu wa namna yake. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, katika kifungu cha 25, yamtia hatiani mwenye madaraka anayedai ngono kama sharti la kutoa haki au upendeleo. Lakini katika mazungumzo ya kila siku rushwa ina mtoaji na mpokeaji, na wote wawili ni wakosaji. Mwanachuo aliyetishwa kufelishwa aweza kujiona mtoaji, akanyamaza.

Katika Bagamoyo mambo haya huzidi kuchanganyika. Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho sasa ni TaSUBa, hupokea vijana wa bara na pwani pamoja. Mtu wa pwani akisema "fulani amenitaka", hana haja ya kuongeza neno. "Amenivunjia heshima" laweza kuwa tusi, laweza kuwa mkono uliopita mipaka. Tena, kwa Wazaramo na Wakwere, mwali hufundishwa mambo ya unyumba na kungwi, kwa nyimbo na mafumbo. Basi lugha ipo, lakini ni ya masikio ya wanawake. Mwulizaji mwanamume huikuta imefungwa.

Kwa hiyo swali "Je, umepata kunyanyaswa kijinsia?" halifai. Lililo bora ni hili: "Tangu uingie chuo hiki, yuko mtu aliyekushika mwili nawe hukutaka?" Na jingine: "Yuko mwalimu aliyekuambia, au kukuonyesha kwa dalili, kwamba alama zako zitategemea kumkubali?" Kila swali lataja tendo moja. Maneno "nawe hukutaka" hayaachiki, kwa sababu katika posa kimya cha mwali huhesabiwa ridhaa, na desturi hiyo isiachwe iingie katika maulizo kwa mlango wa nyuma.

Sarufi nayo yasaidia. "Mtu" na kiambishi "-ku-" havibagui mume na mke, hivyo swali moja lawafaa wote. Nao wavulana wasisahauliwe: uchunguzi wa taifa wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba takriban wasichana 3 katika 10, na mvulana 1 katika 7, walipatwa na ukatili huu kabla ya miaka 18.

Usiri nao ni sharti. Katika uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani uliofanywa Dar es Salaam na Mbeya, na kutangazwa mwaka 2005, wanawake waliulizwa na wanawake, faraghani. Katika chuo kidogo, kuuliza umri, somo, mwaka na kabila kwa pamoja ni sawa na kuuliza jina.

Mwisho, hesabu pekee haizuii kosa. Hapana budi kuuliza pia: "Ulimwambia nani? Ni nini kilichokuzuia kusema? Wajua mahali pa kushtaki?" Majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayokionyesha chuo ni mlango gani umefungwa. Tena karatasi yenyewe iseme waziwazi msaada upatikana wapi, kwani si haki kumfumbua mtu kinywa, kisha kumwacha peke yake na maneno yake.