Feza ya Mwisho Ingoje Mbegu Iote

Ndugu wakulima, msimu A unakaribia. Katika koperative nyingi za Kivu, huu ndio wakati wa kukusanya feza ya wanachama na kufanya komande ya mbegu. Muuzaji anasema, "Lipeni yote leo, gari inapanda kesho." Tunawaomba musikubali haraka ile. Mbegu mbaya haijulikani kwa macho. Inajulikana wiki moja nyuma ya kupanda, na wakati ule mvua ya Septemba iko inapita na feza imekwisha kuenda.

Kwa hiyo fanyeni komande mapema, mwezi wa Agosti ukianza, ili mupate siku za kujaribu mbegu mbele ya kumaliza deni.

Muanze na karatasi. Muandike aina ya mbegu, kilo, bei kama ni dola ao franka, siku ya kufikisha, nani analipa usafiri, na kiwango cha kuota munachopatana, kwa mfano 80 kwa 100. Muandike pia kwamba isipofika kiwango kile, muuzaji atabadilisha mbegu ao atarudisha feza. Pande mbili zitie sahihi. Muangalie kama fakitire yake iko na namba ya RCCM, maana yake ameandikishwa kama mfanyabiashara.

Avansi iwe sehemu ndogo. Mukiituma kwa telefone, jina linalotokea liwe la muuzaji ao la sosieti yake. Ujumbe ukisema "nimebadilisha namba", mupige kwanza namba ya zamani.

Siku mbegu inafika, watu watatu wa komite wakuwe pale na mizani. Tuseme mumeomba kilo 500 za maharagi, mifuko 10 ya kilo 50. Kila mfuko ukipunguka kilo 2, mumepoteza kilo 20. Muandike upungufu ule kwenye boni mbele shofere hajaondoka. Mbegu iliyokaguliwa na SENASEM iko na etiketi. Musome kama aina ni ile mulioomba.

Halafu mujaribu. Mutoe mbegu katika mifuko mbalimbali, juu, katikati na chini, muchanganye, muhesabu 100. Muzifunge katika kitambaa chenye maji, kisikauke, na siku ya saba muhesabu zilizoota muzuri. Mbegu ikiwa na dawa ya rangi, munawe mikono, na mtu asiikule.

Zikiota 85, mulipe feza iliyobaki bila kuchelewa. Zikiota 50, musilipe na musipande. Muite muuzaji ajaribu tena mbele yenu.

Muuzaji naye iko na woga: koperative zingine zinapokea mali na hazilipi. Akikataa kungoja siku saba, mumuombe kilo moja mbele ya komande na muijaribu. Nusu yake ifungwe katika bahasha yenye sahihi za pande mbili, ibaki kwa mtu munayemuamini wote wawili. Mali ikifika tofauti, bahasha ile itasema nani anadanganya.

Karatasi zote zikae kwa sekretere, hapana mufukoni mwa prezida, na zisomwe mbele ya mkutano. Feza ile ni ya wanachama, na kila mmoja ana haki ya kujua ilinunua nini.