Jiwe la ufukweni si mzigo wa kuvusha mpaka

KATIKA ufuko wa Kafutuma, wilayani Nchelenge, macho ya mfanyabiashara huwa kwenye chisense, dagaa wa Ziwa Mweru, na kwenye boti za kwenda Kongo. Lakini mawimbi yanapokula mchanga, yanaweza kufichua jiwe ambalo si kokoto ya kawaida.

Kulitambua kunataka utulivu. Maji hulainisha jiwe kila upande. Mkono wa mtu huacha mpangilio: alama za vipande vilivyobanduliwa kwa kufuatana ukingoni, mara nyingi pande zote mbili, mpaka makali yakapatikana. Jiwe la kusagia huwa na uso uliolika na kubonyea. Jiwe lililotobolewa kutoka pande mbili, tundu likiwa pana nje na jembamba katikati, huenda lilivishwa kwenye mti wa kuchimbia mizizi ili kuuongezea uzito. Mawe ya aina hiyo yamepatikana sehemu nyingi za Zambia.

Kingo za alama hizo zikiwa bado kali, pengine jiwe halijasafiri mbali. Zikiwa zimefifia, huenda maji na mchanga vimelisugua kwa muda mrefu.

Ndiyo maana mahali lilipolala ni nusu ya habari yake. Kwenye maporomoko ya Kalambo, mpakani mwa Zambia na Tanzania, J. Desmond Clark alianza kuchimba zana za mawe miaka ya 1950. Mwaka 2023, timu ya Larry Barham ilitangaza kuwa magogo mawili ya hapo yalichongwa na kuunganishwa yapata miaka 476,000 iliyopita. Umri huo ulipimwa kwenye mchanga uliokuwa umeyafunika. Yangeng'olewa na kupelekwa sokoni, yangekuwa kuni tu.

Kwa mfanyabiashara, kuna hatari nyingine. Sheria ya Zambia ya mwaka 1989 kuhusu urithi wa taifa inakataza kutoa vitu vya kale nje ya nchi bila kibali. Ya Tanzania ya mwaka 1964 vivyo hivyo. Jiwe lililofichwa kwenye gunia la samaki linaweza kumletea mwenye gunia kesi.

Lililo salama ni kuliacha palepale, kulipiga picha pamoja na sarafu ili ukubwa wake uonekane, kuandika mahali, kisha kumwarifu mwenyekiti wa kijiji, Tume ya Taifa ya Uhifadhi wa Urithi au Makumbusho ya Moto Moto, Mbala.