Picha za Sura ya Nchi: Dhana na Istilahi Zake

Mfasiri wa orodha za makumbusho, au wa vitabu vya historia ya safari, hukutana na fungu la picha ambalo Kiswahili hakijalipatia jina moja linalokubalika. Ni picha za rangi za maji, nyingi zikiwa za karne ya 18, ambazo kusudi lake ni kuonyesha mahali maalumu jinsi palivyo: mlima huu, bandari hii, kijiji kile. Aghalabu huitwa "picha za mandhari". Jina hilo si baya, lakini kwa maoni yetu halitoshi.

Mchoraji wa mandhari ana ruhusa zake. Mti ukimzibia mlima, huuondoa. Bonde likiwa tupu, hulitilia ng'ombe. Mchoraji tunayemzungumzia hana uhuru huo, kwa kuwa kazi yake ina nasaba ya kijeshi na ya upimaji. Paul Sandby, ambaye alishiriki katika upimaji wa kijeshi wa Uskoti baada ya maasi ya 1745, aliteuliwa mwaka 1768 kuwa mwalimu mkuu wa uchoraji katika chuo cha kijeshi cha Woolwich. Afisa alifundishwa kuchora kilima ili mkuu wake, ambaye hajakiona, akiamini. Upigaji picha kwa kamera haukutangazwa hadharani mpaka 1839. Kabla ya hapo mkono wa mchoraji ndio uliokuwa shahidi. Kwa sababu hiyo tunapendekeza "picha ya sura ya nchi". Walimu wa jiografia wamekwisha kulizoea neno "sura ya nchi", na hakuna haja ya kuwabunia jingine.

Ugumu hasa huanza pale shahidi anapokuwa si yule aliyeona. Tutazame safari mbili za visiwa vya kaskazini. Mwaka 1772 Joseph Banks alikwenda Aisilandi, akipitia kisiwa cha Staffa, na katika msafara wake alikuwamo mchoraji John Cleveley. Huyu alikanyaga nchi aliyoichora. Mwaka 1789 John Thomas Stanley, kijana wa miaka 22, aling'oa nanga Leith akaelekea Visiwa vya Faroe na Aisilandi. Yeye na wenzake walichora michoro ya haraka njiani, na baada ya kurejea michoro hiyo ilikabidhiwa Edward Dayes na Nicholas Pocock, ambao waliigeuza kuwa picha kamili za rangi za maji. Wachoraji hao wawili hawakuwamo katika safari ile. Pocock alikuwa nahodha kabla ya kuwa mchoraji, kwa hiyo bahari na merikebu alizijua vyema. Lakini miamba ya Faroe aliijua kwa karatasi tu.

Sasa, mfasiri akiandika "Aisilandi, ilivyochorwa na Dayes mwaka 1789", amemfanya mtu aliyebaki Uingereza kuwa shahidi wa macho. Mwanafunzi wa historia atakayeitegemea sentensi hiyo atapotoka, na kosa halitakuwa lake. Wala "picha iliyochorwa kutoka mchoro wa Stanley" haitufai: ni Kiingereza kilichovikwa kanzu. Kiswahili kina njia yake iliyo wazi, nayo ni "kwa kufuata". Tuandike basi: "Picha ya Edward Dayes, kwa kufuata mchoro uliochorwa safarini, 1789". Hapo kila mtu amepewa haki yake, na mwaka umebaki na safari. Kwa kazi ya mwanzo twapendelea "mchoro wa papo hapo" kuliko "rasimu", kwa kuwa rasimu imekwisha kuchukuliwa na ofisi za serikali, na mtumishi akiisikia huwaza barua isiyotiwa sahihi.

Kuhusu ufundi, maneno machache yatatosha. Mchoraji wa wakati ule alianza kwa mistari ya penseli, akatia vivuli vya kijivu, kisha akapitisha rangi nyepesi juu yake. Palipotakiwa mwanga, weupe wa karatasi uliachwa. Tabaka hilo jepesi tunaliita "mpako mwepesi". "Mpako" peke yake humpeleka msomaji kwenye chokaa na ukuta.

Limebaki neno moja lenye utata. Stanley alizitembelea chemchemi za Aisilandi ambazo hurusha maji yachemkayo juu hewani. "Chemchemi ya maji moto" ni pana mno, maana chemchemi nyingi za namna hiyo hububujika kwa upole tu. Wakazi wa karibu na Ziwa Bogoria, nchini Kenya, wanazo za aina zote mbili na hawazichanganyi. Twapendekeza "chemchemi ifokayo". Neno Geysir, kwa herufi kubwa, lihifadhiwe kwa ile chemchemi moja ya Aisilandi yenye jina hilo, na lisinyambuliwe.