SIKIO NALO HUPIMA NYUMBA

Watu wengi hudhani ya kuwa ukubwa wa nyumba hujulikana kwa macho tu. Sivyo. Sikio nalo hupima, tena hupima daima, hata gizani, ingawa mwenyewe hana habari. Mtu aliyefungwa kitambaa machoni akiingizwa katika chumba kidogo chenye vitanda na nguo, kisha katika ghala tupu, atatambua tofauti mara moja kwa mlio wa nyayo zake. Na nyumba ikihamwa, vyombo vyote vikiisha kutolewa, husikika kubwa kuliko jana, hali kuta zake hazikusogea hata kidogo.

Sababu yake ni hii. Sauti husafiri hewani kwa mwendo wa mita 340 hivi kila sekunde. Ikifika ukutani, sehemu yake humezwa na sehemu hurudi. Mawe na saruji hurudisha karibu yote. Nguo nzito, nyasi na miili ya watu humeza nyingi. Sauti inayorudi upesi sana sikio huiunganisha na ile ya kwanza, na neno huzidi nguvu. Bali ile inayochelewa hulifunika neno linalofuata. Mvumo huo ukiwa mrefu, mtu huhisi ya kuwa mahali alipo ni pakubwa, tena ni patupu.

Vipofu hutumia sana ujuzi huu, ingawa wengine walidhani wahisi ukuta kwa ngozi ya uso. Mwaka 1944 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walitoa habari za majaribio yao. Watu vipofu, pamoja na wenye macho waliofungwa vitambaa, waliambiwa waende kuelekea kizuizi na kusimama kabla ya kukigonga. Waliweza. Walipozibwa masikio, walikigonga. Ikawa dhahiri ya kuwa kazi ile ilikuwa ya sikio.

Lakini sikio hupata taabu katika nyumba iliyojengwa kwa ajili ya macho tu. Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard, huko huko Marekani, kilifungua jumba jipya lililoitwa Fogg, lenye ukumbi wa kufundishia. Mwalimu alipozungumza humo, hakufahamika. Sauti moja ilibaki ikivuma kwa muda wa sekunde 5 na nusu. Yaani ilikwenda karibu kilomita 2, ikigonga ukuta huu na ule, kabla ya kunyamaza.

Mkuu wa chuo akamwagiza Wallace Sabine, mwalimu kijana wa fizikia, atafute dawa. Vyombo vyake vilikuwa bomba la kinanda la kutoa mlio, saa ya kupimia, na masikio yake. Alifanya kazi usiku, mji ulipokuwa kimya, yeye na wasaidizi wake wakichukua mito ya viti kutoka jumba la Sanders lililokuwa karibu. Kila walipoongeza mito, mvumo ulipungua, hata ukabaki sekunde 1 na kidogo. Ndipo alipopata kanuni yake: mvumo huongezeka kadiri ya nafasi iliyomo ndani ya nyumba, na hupungua kadiri ya vitu vinavyomeza sauti. Kwa kanuni hiyo ulipangwa ukumbi wa muziki wa Boston, uliofunguliwa mwaka 1900, nao husifiwa mpaka leo.

Je, mambo haya yatuhusu? Yatuhusu sana. Wazazi huuza mbuzi na mahindi wapate kuchangia darasa au ukumbi wa mikutano. Kuta za mawe, sakafu ya saruji na paa la bati vikiisha, wote hufurahia uimara wake. Lakini mtoto aketiye nyuma husikia nusu ya somo, naye huitwa mjinga. Na mvua kubwa ikinyesha juu ya bati lisilo na dari, darasa zima huwa kama limezibwa masikio.

Dawa si ya gharama kubwa. Kabla ya kupokea jengo, simama katikati, piga kofi moja, usikilize. Mvumo ukikawia, tieni dari ya ubao mwororo. Wekeni mapazia mazito, na ubao mwororo wa kubandikia picha katika ukuta wa nyuma. Fungueni madirisha, maana sauti itokayo nje hairudi. Naye msemaji asipige kelele, kwa kuwa kelele huongeza mvumo pia. Na aseme polepole, akituama.

Nyumba ya mikutano ni chombo cha kuchukulia maneno. Kabla ya kusifu rangi na madirisha yake, mwulizeni mzee aketiye safu ya mwisho kama amesikia.