UKINUNUA KWA SIMU, USIUZE JINA LAKO



Jumapili moja tulikutana na wenzetu wa Gihosha: wapishi, yaya, walinzi wa usiku na vijana wauzao madukani. Tulikuja kuzungumza habari ya mikataba na siku za mapumziko. Lakini mwenzetu mmoja, mpishi, alisimama akaeleza jambo ambalo halikuwa katika ajenda, na mkutano mzima ukageukia huko.

Alikuwa ameona viatu vya shule katika WhatsApp, kwa bei nzuri. Akamwandikia muuzaji. Akaulizwa jina, namba ya simu, mtaa na rangi ya geti. Mwisho akaombwa picha ya karangamuntu, mbele na nyuma, "ili tukujue." Akatuma vyote. Akalipa kwa simu, viatu vikafika, navyo vilikuwa vizuri. Mtoto akaenda shule.

Baada ya wiki mbili akapigiwa simu na mtu asiyemjua. Mtu huyo alimtaja kwa majina yake yote, akavitaja viatu, akalitaja na geti. Akasema kuna zawadi kwa wateja wema, ila atume kwanza faranga 20,000 za usafiri. Mwenzetu aliamini, maana mwongo gani angejua rangi ya geti? Pesa ikaenda, zawadi haikuja.

Hasara kubwa ilikuwa bado mbele. Geti lile si lake, ni la mwajiri. Mama mwenye nyumba aliposikia aliuliza: "Nani amewapa watu wa nje habari za nyumba yangu?" Nusura mwenzetu afukuzwe. Ilibidi tuende watu wawili kumwombea.

Hapo ndipo tulipoona kwamba jambo hili ni la chama. Mwenye nyumba akitoa anwani, anatoa ya kwake. Mfanyakazi wa nyumbani akitoa anwani, anatoa mahali pake pa kazi, na kazi yenyewe inaweza kwenda pamoja nayo.

Kisha akasimama binti anayeuza nguo dukani. Alisema: "Msimlaumu muuzaji bila kujua. Anayewaandikia wateja ni mimi, na simu ni yangu, kwa sababu mwajiri hakunipa ya kazi." Ndani ya simu hiyo mna picha za karangamuntu za wateja wa miezi mingi. Ikiharibika, anaipeleka kwa fundi, na fundi anaona yote. Habari zikivuja, mwajiri atasema mwizi ni yeye. Basi ndugu, mnunuzi ni mfanyakazi na muuzaji ni mfanyakazi, na wote wawili wanabeba hatari ambayo faida yake haiwafikii.

Hatusemi watu waache kununua kwa simu. Soko kuu la Bujumbura liliungua tarehe 27 Januari 2013, wachuuzi wakatawanyika. Siku hizi wengi huonyesha bidhaa katika simu na kulipwa kwa Lumicash au Ecocash. Kwa yule asiye na ruhusa ya kutoka ila Jumapili, huo ni msaada mkubwa. Lakini sokoni ulitoa pesa ukachukua viatu, na muuzaji hakukuuliza unalala wapi. Mbona leo aulize?

Majirani zetu wamekwisha kulishika jambo hili. Kenya ilitunga sheria ya kulinda habari za watu mwaka 2019, ikaweka ofisi ya kuisimamia. Septemba 2023 ofisi hiyo ilitoza faini baa moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 za Kenya, kwa kutangaza picha ya mteja bila idhini yake. Kampuni moja ya mikopo ya simu ilitozwa shilingi 2,975,000, kwa kutumia majina na namba za watu ilizozipata kwa wengine na kuwatumia vitisho. Uganda nayo ina sheria ya 2019. Mapema mwaka 2021 wakaguzi wa serikali yake walieleza kwamba SafeBoda, programu ya kuitia pikipiki, ilikuwa imepeleka habari za abiria kwa kampuni ya Marekani bila kuwaambia abiria wenyewe. Rwanda ilipata sheria yake 2021, na Tanzania 2022.

Kwetu Burundi, Katiba ya 2018 inataka maisha ya faragha ya kila mtu yaheshimiwe. Tena iko sheria Na. 1/10 ya tarehe 16 Machi 2022, ya kuzuia na kuadhibu makosa ya mtandao. Aliyetapeliwa anayo haki ya kwenda polisi. Lakini polisi huja baada ya hasara. Kinga huanza mkononi mwetu.

Kwa hiyo mkutano ulikubaliana haya:

1. Kununua viatu hakuhitaji karangamuntu. Muuzaji akiidai, mwulize sababu. Akishikilia, nenda kwa mwingine.

2. Usitoe anwani ya nyumba unayofanyia kazi. Pokea mzigo dukani au njia panda, mahali penye watu.

3. Namba ya siri ya simu haipewi mtu yeyote, hata akijiita mtu wa kampuni.

4. Anayekujua jina si lazima awe rafiki. Akitaka pesa, kata simu, kisha wewe mwenyewe mpigie muuzaji kwa namba uliyonunulia.

5. Hifadhi ujumbe wa malipo. Ndio ushahidi wako.

Kwa waajiri wa madukani tunadai mambo matatu: simu ya kazi inunuliwe na mwajiri, mteja aulizwe yale tu yanayohitajika kumfikishia mzigo, na mzigo ukifika, habari zake zifutwe. Haya tutayaleta katika mazungumzo yetu pamoja na mishahara.

Mwenzetu yule mpishi bado yuko kazini. Alituambia kwamba alikaa kimya siku nyingi kwa sababu ya aibu, akidhani mjinga ni yeye peke yake. Alipomaliza kusema, mikono mingine minne ilinyooshwa. Mwenye jambo la namna hii asikae nalo. Amwone mjumbe wake mapema, kabla mwajiri hajauliza.